Ghala la viazi na pacha wake wa kompyutani: Bugeshi itapata nini?

Msimu wa mavuno unapofika katika tarafa ya Bugeshi, wilayani Rubavu, viazi huwa vingi kwa wakati mmoja na bei hushuka kwa wakati uo huo. Udongo wa volkano wa nyanda zilizo chini ya mlima Karisimbi si mchoyo. Kinachokosekana ni mahali pa kuviweka viazi hivyo kwa majuma sita, au hata miezi minne, hadi soko litulie. Mkulima asiye na mahali hapo huuza siku anayochimba, kwa bei ya aliyekuja na lori. Baada ya miezi michache mlaji wa mjini hulalamikia bei iliyopaa, kama ilivyotokea Aprili 2023, serikali ya Rwanda ilipolazimika kuweka bei ya ukomo kwa vyakula kadhaa, viazi vya aina ya Kinigi vikiwekewa faranga 460 kwa kilo. Hasara ya mkulima na malalamiko ya mlaji, kwa sehemu kubwa, vina mzazi mmoja: uhaba wa hifadhi iliyo bora.

Kwa hiyo mjadala kuhusu kilimo katika ukanda huu wa mpakani mara nyingi huishia kwenye ghala. Swali ambalo halijapata nafasi ya kutosha ni namna ghala lenyewe linavyobuniwa. Ulimwenguni wawekezaji wakubwa wa viwanda na maghala wameanza kujenga mara mbili. Jengo la kwanza huwa ndani ya kompyuta, likiwa na nguzo, milango, feni, rafu na mizigo yake, na hujaribiwa kwa miezi kadhaa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Jengo la pili ndilo la saruji na mabati. Yote mawili yakishasimama, huendelea kuzungumza: vihisi vilivyofungwa katika ghala la kweli hupeleka vipimo kwa lile la kompyuta, nalo hurudisha onyo au ushauri. Jozi hiyo huitwa pacha wa kidijitali.

Jina hilo linaweza kupotosha kidogo, kwa kuwa katika Kiswahili pacha huzaliwa pamoja, ilhali huyu wa kompyuta mara nyingi hutangulia, na pengine huja baada ya miaka mingi, jengo likiwa limeshazeeka. Wazo lake lilielezwa mwaka 2002 na Michael Grieves, aliyekuwa akifundisha Michigan nchini Marekani. Jina lenyewe lilienezwa na John Vickers wa shirika la anga za juu la NASA mnamo 2010. Mfano unaotajwa sana ni wa kampuni ya magari ya BMW, ambayo mwaka 2023 ilionyesha kiwanda chake cha Debrecen, Hungaria, kikifanya kazi ndani ya kompyuta, zaidi ya miaka miwili kabla ya magari ya kwanza ya kuuzwa kutoka katika kiwanda halisi.

Debrecen ni mbali na Bugeshi kwa kila kipimo. Hata bandari kavu ya Masaka jijini Kigali, iliyozinduliwa Oktoba 2019 chini ya kampuni ya DP World na kuenea katika mita za mraba 130,000, ni ulimwengu mwingine. Pale tatizo ni njia: kontena gani liwekwe wapi, foklifti ipite wapi, lori lisubiri muda gani. Ghala la viazi lina tatizo la aina nyingine kabisa, na hapo ndipo hoja ya pacha inapoanza kuwa na uzito, kwa sababu mzigo wenyewe uko hai.

Kiazi kinapumua

Kiazi kilichochimbwa hakijafa. Huvuta oksijeni, hutoa hewa ya kaboni, unyevu na joto. Kikiwa kimetulia katika baridi, tani moja ya viazi hutoa joto la takriban wati kumi hadi ishirini, na vikiwa vimetoka shambani au vimejeruhiwa na jembe, zaidi ya hapo. Kiwango hicho ni kidogo kwa gunia moja. Katika ghala la tani 500 kinafikia kilowati tano hadi kumi, sawa na birika kadhaa za umeme zinazochemka usiku na mchana katikati ya lundo. Joto lisipotolewa, viazi hutoa machipukizi, hutokwa na maji, na uozo wa kiazi kimoja huhamia kwa jirani zake.

Kutoa joto peke yake hakutoshi. Majuma mawili ya mwanzo viazi huhitaji vuguvugu la nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, ngozi iponye majeraha. Baada ya hapo huteremshwa polepole. Viazi vya mezani hukaa vyema kati ya nyuzi 4 na 8 hivi. Vile vinavyokwenda kiwandani kukaangwa havitaki baridi kali, kwani chini ya nyuzi 8 wanga wake huanza kugeuka sukari, na sukari hiyo hukifanya kiazi kiwe cheusi na kichungu ndani ya mafuta. Unyevu wa hewa unatakiwa uwe asilimia 90 au zaidi, lakini maji yasitone kutoka kwenye mabati. Mwanga hautakiwi kabisa, maana hukigeuza kiazi kuwa kijani na kukijaza sumu ya solanini.

Masharti haya yanapingana. Feni ikivuma sana, viazi hunyauka na kupoteza uzito unaouzwa. Ikivuma kidogo, katikati ya lundo huchemka. Mhandisi mzoefu anaweza kukadiria kwa kanuni za vitabuni, lakini kanuni hizo hutoa wastani, na viazi haviozi kwa wastani. Huoza pembeni kule hewa isikofika. Modeli ya kompyuta inayofuata mwendo wa hewa katika kila pembe ya jengo inaweza kuionyesha pembe hiyo kabla haijajengwa, na kuihamisha kwenye mchoro ni kazi ya dakika chache.

Michoro si jengo

Pacha hujengwa kutokana na mafaili ya michoro ya kihandisi, na wauzaji wa teknolojia hii hupenda kulieleza jambo hilo kana kwamba ni kubonyeza kitufe. Ukweli ni kwamba kazi kubwa iko hapo. Ghala moja huchorwa na watu wanne au watano: msanifu majengo, mhandisi wa nguzo na makenchi, fundi wa umeme, fundi wa maji, na kampuni inayouza feni na mitambo ya baridi. Kila mmoja hutumia programu yake na muundo wake wa faili.

Mchoro uliochapishwa kisha kupigwa picha ya skana ni picha tu. Ukuta ndani yake ni mstari mweusi, na kompyuta haijui kama ni ukuta au ni mpaka wa kiwanja. Mchoro uliotengenezwa na kuhifadhiwa katika programu ya usanifu una afadhali, kwa kuwa mistari imepangwa katika tabaka na ina vipimo. Bora zaidi ni faili iliyoandikwa kwa kiwango huria cha IFC, kinachotambuliwa na shirika la viwango la kimataifa kwa namba ISO 16739. Humo ukuta "hujijua" kuwa ni ukuta: una unene, una aina ya tofali, una mlango unaoutegemea. Upande wa kuyaunganisha mafaili yote katika mandhari moja, muundo unaoenea ni ule uliozaliwa katika studio ya filamu za katuni ya Pixar, ambayo iliufungua kwa umma mwaka 2016. Mwaka 2023 kampuni za Apple, Adobe, Autodesk na NVIDIA ziliungana na Pixar kuuendeleza kama kiwango cha pamoja. Kwamba chombo cha kuchorea katuni kimekuwa lugha ya viwanda si jambo la kushangaza sana. Wachora filamu ndio waliotangulia kulazimika kuweka vitu milioni katika chumba kimoja bila kompyuta kuzimika.

Makosa ya awali huwa ya kitoto, na ndiyo yanayogharimu. Msanifu amechora kwa milimita, kampuni ya feni kwa inchi, programu ya kuunganisha inasoma kwa mita. Ghala la mita 30 linatokea likiwa na urefu wa kilomita 30, au feni inaingia ikiwa ndogo kama kifungo cha shati. Asiyelichukulia hilo kwa uzito na akumbuke kwamba Septemba 1999 NASA ilikipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kwa vipimo vya metriki. Kuna pia suala la mahali pa kuanzia kupima. Faili moja huanza kwenye kona ya kiwanja, nyingine hufuata ramani ya taifa, na zikiunganishwa paa huelea mbali na kuta zake.

Baada ya hapo huja kazi ya kupunguza. Faili ya feni kutoka kiwandani ina kila bolti na kila nati, na feni ishirini za namna hiyo huilemea kompyuta ya kawaida. Inabidi vitolewe vile visivyobadili mwendo wa hewa. Lakini anayetoa lazima ajue anachotoa. Bolti haina neno. Wavu wa kuzuia panya kwenye tundu la hewa, hata kama ni mwembamba, hupunguza upepo unaopita, na ukifutwa katika modeli, modeli itaahidi upepo ambao ghala halitaupata kamwe. Vilevile kila kifaa kinapaswa kubaki na namba yake ya utambulisho, ili kihisi cha joto kitakapoanza kutuma vipimo, kompyuta ijue kinasemea lundo lipi.

Hatimaye lipo pengo kati ya kilichochorwa na kilichojengwa. Katika ardhi ya mawe ya volkano, mkandarasi anayekuta mwamba pale palipotakiwa msingi husogeza nguzo, na akisogeza nguzo husogeza mlango. Asiporekebisha mchoro, pacha atakuwa wa ghala ambalo halipo. Nchi tajiri hulimaliza tatizo hili kwa mashine za kupima kwa leza. Kwa jengo dogo, futi kamba, daftari na siku mbili za subira hutosha.

Na hata yote hayo yakikamilika, kilichopatikana bado ni modeli. Huwa pacha siku vihisi vinapoanza kuzungumza nayo. Picha nzuri ya ghala inayozunguka kwenye skrini ya mkutano, isiyojua kama leo ghala lina nyuzi 6 au 16, haistahili jina hilo, ingawa mara nyingi huuzwa kwa bei yake.

Hewa ya Bugeshi si hewa ya Rotterdam

Jambo moja la mahali huwa rahisi kusahaulika. Mji wa Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Bugeshi iko juu zaidi, kwenye miteremko inayopita mita 2,000. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa karibu moja ya tano. Feni inazunguka kwa kasi ile ile na kusukuma ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa kidogo, hivyo inabeba joto kidogo. Karatasi ya kiwandani inayoeleza uwezo wa feni kwa kawaida imeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Mbuni anayeiingiza faili hiyo katika modeli bila kubadili mwinuko atapata ghala linalofanya kazi vizuri sana Rotterdam au Mombasa.

Mwinuko huo huo, hata hivyo, una zawadi yake. Usiku wa Bugeshi ni wa baridi, na baridi hiyo ni ya bure. Ghala linaloweza kufungua matundu yake usiku na kuyafunga asubuhi huhitaji mashine ya kupoza kwa saa chache, pengine isihitaji kabisa kwa baadhi ya miezi. Swali la ni miezi ipi, na matundu yawe makubwa kiasi gani, ndilo ambalo modeli hujibu vizuri, ikiwa imelishwa vipimo vya hali ya hewa vya mahali penyewe, wala si vya Kigali. Tofauti kati ya ghala lenye mtambo mkubwa wa baridi na lenye feni na milango ya hewa huonekana kila mwezi kwenye bili ya umeme, na bili hiyo hulipwa na ushirika muda mrefu baada ya wafadhili kuondoka.

Mpaka, mto na mlima

Sababu kubwa zaidi ya kujaribu ghala kabla ya kulijenga katika wilaya hii haitokani na viazi. Rubavu ni wilaya inayoishi kwa mshtuko. Agosti 2019 mpaka wa Goma ulifungwa kwa saa kadhaa kwa hofu ya Ebola. Machi 2020 ukafungwa tena, safari hiyo kwa sababu ya Korona, na biashara ndogo ndogo za kuvuka kwa miguu zikakatika kwa muda mrefu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta na barabara za Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliufurisha mto Sebeya, na mafuriko pamoja na maporomoko ya siku hiyo yaliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Januari 2025 mapigano ya Goma yalisimamisha biashara ya mpakani, na makombora yaliyoanguka upande wa Rubavu yakaua raia.

Ghala linalobuniwa kwa wastani wa mwaka halina mahali pa kuyaandika mambo hayo. Mpaka ukiwa wazi, viazi huingia asubuhi na kutoka jioni, na ghala kubwa huonekana kuwa anasa. Mpaka ukifungwa katikati ya mavuno, magunia hujaa hadi mlangoni, lundo hupanda juu kuliko lilivyokusudiwa, viazi vya chini hupondeka, na hewa iliyopangiwa lundo la mita tatu haifiki juu ya lundo la mita tano. Modeli inaweza kuulizwa jambo hilo moja kwa moja: malori yasipofika kwa siku kumi, lundo la tatu litakuwa na nyuzi ngapi? Umeme ukikatika usiku mbili mfululizo, ni mlango upi ufunguliwe kwanza? Majibu hayawi kamili, na anayedai kwamba ni kamili asiaminiwe. Lakini ni bora kuliko kuyatafuta majibu hayo kwa mara ya kwanza huku viazi vya kaya mia vikiwa ndani.

Nani atabaki na mafaili?

Hapa uchambuzi unatoka katika uhandisi na kuingia katika mikataba. Majengo mengi ya kilimo katika kanda hii hujengwa kwa fedha za miradi. Mradi una mwanzo na mwisho. Mshauri wake huja na kompyuta yake na kuondoka nayo. Ushirika ukikabidhiwa ufunguo wa mlango na kitabu cha michoro iliyochapishwa, umepewa jengo bila asili yake. Fundi atakapotaka kuongeza chumba miaka sita baadaye atapima upya, na pacha atakayetengenezwa wakati huo atagharimu kile ambacho tayari kilikuwa kimelipiwa mara moja.

Kipengele kinachohitajika katika mkataba ni kifupi: kwamba mafaili halisi, si chapa zake, yakabidhiwe kwa mmiliki katika muundo huria, yakiwa yamesahihishwa kulingana na kilichojengwa, na kwamba malipo ya mwisho ya mbuni yasitolewe kabla ya hapo. Wilaya nayo ingefaa kubaki na nakala. Vivyo hivyo kwa vipimo vya vihisi. Ghala linalorekodi kwamba mwanachama fulani ameleta kilo kadhaa siku fulani linashika taarifa za mtu, na sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi inataka taarifa za namna hiyo zihifadhiwe nchini isipokuwa kwa idhini maalumu. Mtoa huduma ambaye seva zake ziko ng'ambo, na ambaye ada yake ya kila mwezi isipolipwa skrini huzimika, amempangisha mkulima ghala lake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni makubwa mno kwa tarafa ya wakulima wadogo, na kwa sehemu wana haki. Viazi vya mbegu, kwa mfano, havihitaji lolote kati ya hayo. Kwa miongo kadhaa Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima kimeeneza vibanda vya mbao vyenye kuta za wavu, vinavyopitisha mwanga hafifu na upepo, ambamo mbegu hutoa chipukizi fupi na imara bila umeme hata kidogo. Kuvitengenezea vibanda hivyo pacha wa kompyuta kungekuwa mzaha. Pacha huanza kuwa na maana pale penye tani mamia chini ya paa moja, feni za kulipiwa, na mkopo wa benki unaosubiri.

Hata hapo, kinachotakiwa kutangulia ni cha bei nafuu. Vihisi vichache vya joto na unyevu, vikiwekwa sasa katika stoo yoyote inayotumika Bugeshi, kimoja sakafuni, kimoja katikati ya lundo na kimoja nje ya ukuta, vitaandika usiku wa mavuno ya msimu wa A mwezi Januari na wa mavuno ya msimu wa B mwezi Juni. Rekodi ya mwaka mmoja ya namna hiyo hainunuliwi popote, wala mshauri hawezi kuja nayo kutoka Ulaya, na ndiyo atakayoiomba kwanza siku atakapofungua faili lake.